Nimeflashi kibodi, ikasema imefanikiwa, lakini mpangilio ni uleule wa zamani. Fimuwea imeenda wapi?

#1 MtunduWaVitufe
Wakuu habari. Nina kibodi ya vipande viwili niliyoisolda mwenyewe, kila kipande kina Pro Micro yake (ubao mdogo wenye chipu ya ATmega32U4), katikati kebo ya TRRS, fimuwea (programu inayoendesha kibodi) ni QMK yenye VIA (zana ya kubadilisha vitufe bila kuflashi tena). Nilikuwa na leya (tabaka za vitufe) mbili, nikaongeza ya tatu ya namba kwenye keymap.c (faili la mpangilio), nikakompaili, nikafungua QMK Toolbox (programu ya kuflashi), nikagusanisha pini za RST na GND kwa kibano mara mbili harakaharaka, ikashika, ikaandika hadi mwisho ikasema imemaliza. Nikachomoa, nikachomeka. Kibodi inaandika vizuri tu ila leya ya tatu haipo kabisa, na kitufe nilichokipa kazi ya kuifungua bado kinatoa herufi yake ya zamani. Nimerudia, majibu ni yaleyale. Eraa hakuna. Natumia Windows. Hivi inawezekanaje kuflashi kukubali halafu kisibadilike kitu?

#2 fundi_solda
Fimuwea imeenda panapotakiwa mkuu, ila kibodi yako haisomi mpangilio kutoka huko. Hiyo chipu ina kumbukumbu mbili tofauti. Kuna flashi ya KB 32, humo ndo inakaa fimuwea pamoja na butiloda (programu ndogo inayopokea fimuwea mpya), na kuna EEPROM ya baiti 1024 tu, humo zinakaa setingi. Ukiwasha VIA, mpangilio wa vitufe unanakiliwa kwenda EEPROM ili uweze kuubadilisha bila kuflashi tena, na kuanzia hapo kibodi inasoma EEPROM, keymap.c yako haitazami tena. Kuflashi kupitia butiloda kumegusa flashi peke yake. Ni kama umejaza mtungi mpya lakini maji unaendelea kuchota kwenye ndoo ya jana. Safisha EEPROM: kama una kitufe cha EE_CLR kibonyeze, kama huna, Toolbox ina sehemu ya kufuta EEPROM. Utaona leya yako.

#3 Bi_Swichi
Nakazia #2. VIA hiyo, asilimia mia.

#4 KasukuMweusi
Wakuu msikimbilie. Maelezo ya #2 kuhusu kumbukumbu mbili ni sahihi ila hitimisho lina tundu. QMK haijaachwa kijinga hivyo. Kwenye kodi ya VIA iliyomo ndani ya QMK kuna baiti tatu za alama zinazoandikwa kwenye EEPROM, na alama hizo zinatokana na tarehe ya kukompaili fimuwea. Kibodi ikiwaka inalinganisha alama zilizoko EEPROM na za fimuwea iliyopo, zikipishana inajirisetia yenyewe na kunakili mpangilio upya kutoka keymap.c. Ndo maana wengi wetu tukiflashi toleo jipya tunakuta mabadiliko tuliyofanya kwa VIA yamefutika na tunaanza kulalamika. Sasa kama jamaa ameflashi faili jipya kweli, EEPROM ilipaswa kujisafisha bila kuombwa. Mimi nasema hajaflashi faili jipya.

#5 MtunduWaVitufe
@KasukuMweusi faili nimelikompaili mwenyewe na nimeliona. Mstari wa mwisho kwenye Toolbox unasema verified.

#6 KasukuMweusi
Verified maana yake ni kwamba kilichoandikwa kwenye chipu kinafanana na kilichoko kwenye faili. Haimaanishi faili ndilo ulilolikusudia.

#7 mzee_wa_terminali
Hapo #6 amegonga penyewe. Nimesaidia watu wengi wenye tatizo hili na mara nyingi stori ni hii: mtu anahariri keymap.c, anakosea koma au mabano, kukompaili kunakwama njiani, maandishi mekundu yanapita haraka hayatazamwi, na kwenye folda lile faili la .hex (fimuwea iliyokompailiwa) la mwanzo bado limekaa palepale na jina lilelile, kwa sababu jina linatokana na kibodi na mpangilio, tarehe haimo. Toolbox nayo imeshika njia ya faili uliyoichagua mwanzo. Unaflashi kitu cha zamani, kinaandikwa vizuri, kinahakikiwa vizuri, na kila mtu amesema ukweli isipokuwa leya yako haimo. Mtunduwavitufe tazama saa ya faili, siyo jina.

Na kingine, ukiandika `qmk compile -km via` (kompaili mpangilio wa folda ya via) huku umehariri folda ya default utakompaili siku nzima bila kuona mabadiliko.

#8 dogo_leya
badilisha kebo

#9 fundi_solda
@dogo_leya kila uzi wewe ni kebo 😂 kebo ingekuwa ya chaji tu kompyuta isingeiona butiloda wala isingeandika chochote. Jamaa ameandika na kuhakiki, kebo imetoka kwenye orodha ya washukiwa.

@KasukuMweusi nakubali kuhusu alama za tarehe, lakini umezisoma zote? Zinabeba mwaka, mwezi na siku. Saa haimo, dakika haimo. Kwa hiyo ukikompaili asubuhi ukaflashi, ukahariri, ukakompaili tena jioni ya siku ileile, alama ni zilezile na kibodi inaona kila kitu kiko sawa, inaendelea na mpangilio wa asubuhi. Mtundu, ile fimuwea ya kwanza uliikompaili lini?

#10 MtunduWaVitufe
Duh. Ya kwanza ni siku hiyohiyo asubuhi baada ya kumaliza kusolda, hii ya leya ya tatu jioni.

#11 Bi_Swichi
Si nilisema VIA 😊

#12 mzee_wa_terminali
Inaongeza uzito kwa #9, sikatai. Ila haiondoi hoja ya faili la zamani, maana yote mawili yanatoa dalili moja: kibodi nzima, leya haipo. Tusiwape watu jibu kabla ya kutenganisha.

Nyongeza kwa wanaotumia hati zao za kujenga fimuwea: ukiweka SKIP_VERSION=1 tarehe ya ndani inakuwa 1970-01-01 siku zote. Hapo hata ukikompaili mwezi ujao alama hazibadiliki ng'o. Nimewahi kumsaidia mtu aliyekuwa na hiyo kwenye hati yake aliyoinakili mahali, amezunguka wee, kumbe kila fimuwea yake ina umri mmoja.

#13 NahodhaWaRangi
Swali. Kuna aliyemuuliza ameflashi vipande vyote viwili? Kwenye kibodi ya vipande, kile kilichochomekwa USB ndicho kikuu na mpangilio unasomwa humo. Kile kingine kazi yake ni kutuma taarifa za vitufe vilivyobonyezwa tu. Sasa ukiflashi cha kulia halafu ukaja kuchomeka USB kushoto, unaandika na fimuwea ya zamani ya kushoto. Toolbox haiwezi kukuambia hilo, yenyewe inaona Pro Micro tu, na hizo mbili kwake ni mapacha.

#14 MtunduWaVitufe
@NahodhaWaRangi nimeflashi kushoto, na USB huwa nachomeka kushoto. Cha kulia sijakigusa tangu asubuhi ile.

#15 NahodhaWaRangi
Basi flashi na cha kulia. Hata kama si chanzo cha hili, vipande viwili vikiwa na matoleo tofauti wakati mwingine vinaacha kuelewana, hasa ukiwa umewasha au kuzima kitu kinachopita kwenye ile kebo ya kati kama taa au skrini ya OLED.

#16 kijana_wa_chipu
Mi nina swali la pembeni kwa mwenye uzi. Uliingiaje kwenye butiloda, ni kwa kibano tu kila mara? Maana kuna njia ya kushika Esc wakati unachomeka USB, ile Bootmagic, na hiyo huwa inafuta EEPROM kwanza kisha ndo inaruka kwenye butiloda. Kama ulitumia hiyo hata mara moja baada ya kuweka VIA, nadharia ya EEPROM inakufa hapo.

#17 MtunduWaVitufe
Kibano kila mara. Sikujua kama Esc inafanya hivyo.

#18 kijana_wa_chipu
Sawa, basi EEPROM bado ni mshukiwa. Kwa faida ya wengine: kwenye kibodi za vipande Esc iko kushoto, kwa hiyo ukichomeka kulia peke yake huna pa kushika. Inabidi kwenye config.h (faili la setingi za kibodi) uweke BOOTMAGIC_ROW_RIGHT na BOOTMAGIC_COLUMN_RIGHT ili upande wa kulia nao uwe na kitufe chake.

#19 Kipepeo_88
Ngojeni kwanza, kabla hajafuta EEPROM!! Kwenye kibodi za vipande wengi wanatumia EE_HANDS, yaani habari ya kipi ni kushoto na kipi kulia imehifadhiwa ndani ya EEPROM. Ukifuta, vipande vinasahau viko upande gani, unabonyeza kushoto inatoka herufi ya kulia. Asifute mpaka ajue fimuwea yake inatumia njia gani.

#20 mzee_wa_terminali
Onyo zuri ila linahitaji marekebisho kidogo dada/kaka Kipepeo. Inategemea unafutaje. Kitufe cha EE_CLR hakigusi habari ya upande, QMK inairuka makusudi. Kinachoifuta ni kuandika EEPROM kutoka nje, kama kile kitufe cha kufuta ndani ya Toolbox, maana hicho kinamwaga faili tupu juu ya EEPROM yote bila kubagua. Ukitumia cha Toolbox basi rudisha upande: Toolbox yenyewe ina chaguo la kuweka kushoto na kulia, au kwenye terminali unamalizia na `-bl avrdude-split-left` kwa kushoto na `avrdude-split-right` kwa kulia.

Kama config.h yako haina EE_HANDS, na huna pini ya kuonyesha upande, basi QMK inachukulia kilichochomekwa USB ni kushoto. Hapo hakuna cha kupotea.

#21 Kipepeo_88
Nimeelewa, asante mzee. Hii ya EE_CLR kuruka habari ya upande sikuwahi kuiona imeandikwa vizuri hivi.

#22 fundi_solda
Na mimi #2 nilimpa njia zote mbili kama zinafanana. Fuata #20 mkuu.

#23 RubaniRP
Haya yote yanatokea kwa sababu bado watu mnang'ang'ania Pro Micro. Nunueni ubao wenye chipu ya RP2040: unashika BOOTSEL, unachomeka, inatokea diski inaitwa RPI-RP2, unaburuta faili la UF2, diski inapotea yenyewe, umemaliza. Hakuna draiva, hakuna sekunde nane za kukimbizana, hakuna Toolbox. Na butiloda yake iko kwenye ROM ya chipu, huwezi kuiua hata utake.

#24 KasukuMweusi
Rahisi kuflashi ni kweli, kuhusu butiloda pia ni kweli. Lakini tatizo la mwenye uzi lingekuwepo vilevile. RP2040 haina EEPROM halisi, QMK inaiigiza kwenye kipande cha mwisho cha flashi ya nje, na ukiburuta UF2 kile kipande hakiguswi. Mpangilio wa VIA unabaki. Watu wa RP2040 wakitaka kufuta kila kitu wanaburuta kwanza flash_nuke.uf2 ndo wanaweka fimuwea tena.

#25 RubaniRP
Hapo nimekupata. Ila bado kibodi yangu ijayo haitakuwa na Pro Micro.

#26 dogo_leya
na wale wa macOS wasitishike, ile diski ikipotea inawatolea onyo kwamba haikuondolewa vizuri, ni kawaida, ubao umejiwasha upya

#27 Bi_Swichi
Mbona umesema kitu na siyo kebo 😄

#28 dogo_leya
kebo inakuja. kuna watu wana kebo ya C kwa C, wanachomeka kibodi haiwaki kabisa, wanadhani wameiua kwa kuflashi. siyo. kuna bao hazina zile rizista za kiloomu 5.1 kwenye pini za CC, kwa hiyo poti ya C ya laptopu haijui kuna kitu kimechomekwa na haitoi umeme. tumia kebo ya A kwa C itawaka. hiyo nimeikuta kwenye bao za kila aina, hasa Pro Micro za bei rahisi zilizobadilishiwa poti

#29 fundi_solda
Hiyo ya rizista ni ya kweli na ni muhimu. Narudisha maneno yangu ya #9 nusu.

#30 SautiYaThok
Mimi nauliza kwa uoga. Huu uzi umejaa kuflashi, kuflashi tena, kufuta. Chipu haichoki? Nina kibodi moja tu naitegemea kazini.

#31 kijana_wa_chipu
Inachoka lakini siyo leo. Waraka wa ATmega32U4 unaipa flashi mizunguko 10,000 ya kufuta na kuandika, EEPROM mizunguko 100,000. Ukiflashi kila siku bila kupumzika ni zaidi ya miaka 27 kufika elfu kumi. Kinachokufa kabla ni ile poti ya micro USB ya Pro Micro, inang'oka na shaba yake. Iwekee gundi ya epoksi pembeni kabla ya kuanza kuchomeka na kuchomoa.

#32 SautiYaThok
Asante sana. Na ikiharibika katikati ya kuandika, umeme ukikatika?

#33 kijana_wa_chipu
Butiloda iko kwenye eneo lake, KB 4 za mwisho, hiyo ndo maana wewe unabaki na baiti 28,672 za kutumia na siyo KB 32 zote. Ukikatika katikati, fimuwea ni nusu lakini butiloda iko hai, unagusanisha RST na GND tena unaanza upya. Kwenye Pro Micro gusa mara mbili haraka, inakupa sekunde 8 halafu inarudi. Na hata butiloda yenyewe ikifa kuna njia ya ISP (kuiandika chipu moja kwa moja kupitia pini zake): unachukua Pro Micro nyingine kuwa mwandishi, unaunga pini 15 kwa 15, 14 kwa 14, 16 kwa 16, VCC kwa VCC, GND kwa GND, halafu pini 10 ya mwandishi inaenda RST ya mgonjwa. Nimefufua kadhaa hivyo, waya sita na uvumilivu basi.

#34 mzee_wa_terminali
Nikiwa hapohapo kwenye mada ya kuua kibodi, mtumiaji wa Windows asikilize hili. Zadig, programu ya kuweka draiva. Ukiambiwa weka draiva kwa Zadig, hakikisha kibodi iko kwenye butiloda wakati huo na umechagua butiloda kwenye orodha. Rafiki yangu alichagua kibodi yenyewe ikiwa inafanya kazi, akaipa draiva ya WinUSB, Windows ikaacha kuiona kama kibodi, haiandiki herufi hata moja. Alikuwa tayari kuing'oa chipu. Dawa ilikuwa kwenda Device Manager, kuondoa hiyo draiva pamoja na faili zake, na kuchomeka upya. Na kwa Pro Micro yenye butiloda ya Caterina huhitaji Zadig kabisa, ile inaongea kama poti ya siriali, ukiipa WinUSB ndo avrdude (programu inayoandika chipu) inakosa poti ya kuandikia.

#35 KaziUsiku
Upande wa Linux vilevile kuna mgeni asiyealikwa anaitwa ModemManager. Pro Micro ikiingia butiloda inatokea kama /dev/ttyACM0, yeye anadhani ni modemu, anaanza kuisalimia, zile sekunde nane zinaisha. Weka zile kanuni za udev (za kusimamia vifaa kwenye Linux) zinazokuja na QMK, faili la 50-qmk.rules, zinamwambia akae mbali.

#36 Kipepeo_88
Na VIA kwenye brauza inataka WebHID (uwezo wa brauza kuongea na kibodi), kwa hiyo Chrome, Edge na ndugu zao. Kuna mtu atafungua na Firefox aseme fimuwea yake mbovu.

#37 JichoLaTai
Nimesoma wote hakuna aliyegusa kompyuta yenyewe. Mwenye uzi anatumia Windows, je ana PowerToys au programu nyingine inayobadilisha vitufe? Kama kitufe anachotarajia kifungue leya kimepangwa upya na programu ya kompyuta, anaweza kuflashi mpaka kesho. Chomeka kibodi kwenye kompyuta nyingine au hata simu, uone kitufe kile kinatoa nini.

#38 fundi_solda
@JichoLaTai kitufe cha leya hakifiki kwenye kompyuta kabisa mkuu, MO(2), yaani amri ya kufungua leya, inaishia ndani ya kibodi. Kompyuta haioni kitu. Yeye anasema kinatoa herufi ya zamani, kwa hiyo kibodi ndiyo inayotuma hiyo herufi.

#39 JichoLaTai
Ni sawa kwa MO. Ila hajasema anatumia MO, na PowerToys inaweza kumgeuzia kitufe kingine kuwa hiyo herufi, akadhani anabonyeza kile. Kupima kwenye simu ni sekunde chache, kwa nini tubishane?

#40 NahodhaWaRangi
Hapo kwenye simu namuunga mkono. Kipimo rahisi kwanza, nadharia baadaye.

#41 Bi_Swichi
Natoka nje ya mada kidogo, mnisamehe. Kinachoniudhi ni wauzaji wanaouza kibodi yenye QMK halafu kodi hawatoi, wanakupa faili la .hex na JSON ya VIA basi. Mimi ninayo moja ya namna hiyo. Ningependa kubadilisha jinsi kitufe kinavyotofautisha kugusa na kushika, VIA peke yake haitoshi, na kodi sina, kwa hiyo siwezi hata kufika kwenye tatizo la mwenye uzi. QMK iko chini ya GPL (leseni ya programu huria), unaisambaza unatakiwa kutoa na kodi, siyo hisani. Niliwaandikia, wakajibu kuwa iko njiani. Haijafika.

#42 KaziUsiku
Pole. Unaweza kujitengenezea. Fungua kibodi, soma jina la chipu, kisha fuatilia pini kwa multimita: kila kolamu na kila mstari unaishia pini gani, na daiodi zinaelekea wapi. Ukipata hiyo ramani unaandika keyboard.json yako mwenyewe. Kazi ya kuchosha macho lakini ni ya uhakika. Kabla ya yote hakikisha una njia ya kurudi kwenye butiloda, na lile faili lao lihifadhi vizuri.

#43 KasukuMweusi
Na jina la chipu lisome kweli, usibahatishe. Kuna chipu ambazo huwezi kuzirudisha kirahisi ukizimwagia kitu kisicho chake. STM32F072 na F303 zina butiloda ya DFU kwenye ROM, hizo hazina wasiwasi. Zingine utatafuta pini ya BOOT na kuigusanisha kwa waya huku ukichomeka.

#44 MtunduWaVitufe
Wakuu nimerudi, asanteni wote. Nilichofanya: nilitazama saa ya faili kama #7 alivyosema, na kweli kulikuwa na mafaili mawili, moja kwenye folda kuu ya qmk_firmware na lingine kwenye folda ya Downloads nililolinakili asubuhi. Njia iliyokuwa kwenye Toolbox ni ya folda kuu, lakini siwezi kuapa kwamba jana ilikuwa hiyohiyo. Nikakompaili upya leo, nikaflashi vipande vyote viwili kwa faili la leo, halafu nikabonyeza EE_CLR kupitia VIA. Leya ya tatu imekuja, namba zinatoka.

#45 fundi_solda
Safi sana! EEPROM.

#46 mzee_wa_terminali
Hapana bwana, faili. Ameflashi faili jipya.

#47 KasukuMweusi
Ni leo, siku nyingine, alama za tarehe zimebadilika, kwa hiyo EEPROM ilijirisetia yenyewe kabla hajagusa EE_CLR. EE_CLR haikufanya kazi yoyote ya ziada hapo. Ila hilo bado halituambii jana kulikuwa na nini ndani.

#48 NahodhaWaRangi
Na ameflashi kulia pia 🙂

#49 MtunduWaVitufe
Naona kila mtu ana haki yake. Sasa kuna jipya. Baada ya kuflashi kulia, kolamu moja ya upande wa kulia imekufa, ile inayobeba Y, H, N. Asubuhi ile ya kwanza ilikuwa inafanya kazi. Je ni fimuwea?

#50 Kipepeo_88
Ulichomoa ile kebo ya TRRS wakati USB imechomekwa? Tafadhali usiseme ndiyo. Ile plagi ikipita ndani inagusanisha umeme na pini za mawasiliano.

#51 MtunduWaVitufe
Nilichomoa USB kwanza kila mara, hilo nililisoma kabla ya kujenga.

#52 kijana_wa_chipu
Kolamu nzima kufa na nyingine kuwa hai ni pini moja. Ama pini kwenye kodi si sahihi kwa kulia, ama solda ya pini hiyo haijashika, na kwa kuwa umebonyeza kibano na kuukandamiza ubao ule wakati wa kuflashi, mimi naweka mkono kwenye solda. Pima hivi: fungua ukurasa wowote wa kuandika, chukua kibano, gusa pini ya ile kolamu na pini ya mstari wowote moja kwa moja juu ya Pro Micro. Herufi ikitoka, chipu na fimuwea viko hai, tatizo liko kati ya pini na swichi. Isipotoka, geukia fimuwea.

#53 RubaniRP
Inaweza pia kuwa swichi za soketi, kama ni za kuchomoa. Soketi moja haiui kolamu nzima lakini njia ya shaba iliyokwaruzwa inaweza.

#54 NahodhaWaRangi
Au kama matoleo ya bao la kulia na kushoto hayafanani pini, kuna kibodi zenye marekebisho mawili na majina yanakaribiana. Ulichagua rev (toleo la bao) ipi kwenye `-kb`?

#55 MtunduWaVitufe
Kipimo cha #52: herufi imetoka, N kabisa. Nimetazama kwa kioo cha kukuzia, ile pini ina pete nyembamba nyeusi kuizunguka, solda imekaa juu haijashuka. Naenda kuwasha pasi ya kusolda. @NahodhaWaRangi rev1 pande zote.

#56 KasukuMweusi
Ukimaliza hapo, tafadhali fanya jambo moja kwa ajili ya wengine. Siku ileile moja: kompaili, flashi, badilisha herufi moja kwenye keymap.c, kompaili tena, hakikisha saa ya faili, flashi, usifute chochote. Weka hapa logi nzima ya Toolbox kwa maandishi, siyo picha, na ueleze herufi ilibadilika au haikubadilika.

#57 fundi_solda
Na usiingie butiloda kwa Esc, utaharibu kipimo.